Simu ya Marehemu Haipokelewi

Kwa nini sikupokea tu? Ah, mjukuu wangu, hilo kila mtu ananiuliza. Hata yule daktari wa meno aliniuliza, mkono wake wote uko mdomoni mwangu, sasa ningemjibuje? Sikupokea kwa sababu simu ilikuwa ya bibi yako, na bibi yako alikuwa ameshazikwa. Kwetu huku milimani vitu vya marehemu havishikwi mpaka ukoo ukae. Jembe lake lilikuwa limeegemea ukutani na udongo wake. Khanga ziko kwenye kamba. Ndara zake nilikuwa naziruka kila asubuhi nikitoka, kama mtu anayeruka mfereji. Na simu iko juu ya kabati la vyombo, pale dirishani, inakula jua yenyewe kama simu za siku hizi, haimwombi mtu kitu. Zamani betri ingekwisha, mambo yakajimaliza. Hizi hazifi. Mtu anakwenda, simu inabaki inapumua.

Na ukoo haukuweza kukaa haraka. Mvua ilikata barabara ya Same, watu walizika wakaondoka kwa miguu, wakasema tutarudi njia ikifunguliwa. Wewe ulikuwa bweni, ndiyo maana haya huyajui. Acha nikueleze taratibu, na usinikatize, maana nikikatizwa naanza upya.

Mjomba wako Mbonea alikuwa Juu. Unaijua ile mikufu ya vioo, ukiinua uso alfajiri unaona kama mtu kamwaga shanga mbinguni? Ndiyo inayotupa huu umeme. Sasa vioo vinapata vumbi, hata huko vumbi lipo, usiniulize linatoka wapi, na vumbi linataka mtu wa kulifuta. Nilimsomesha mpaka chuo akaenda kufuta vioo. Babu yako mdogo Senkondo alinicheka mpaka akakaa chini. "Kaka," anasema, "ungeniambia mapema, mimi ningemfundisha kufuta vioo kwa gazeti na maji ya chumvi!"

Kazi yenyewe wanafanya wakining'inia kwenye kamba, nje kabisa, hakuna chini wala juu. Ukiachia, huanguki. Unakwenda tu. Kulikuwa na kijana mmoja wa bondeni, aliambiwa kwa simu kwamba mke amehama na watoto, akafungua kamba mwenyewe. Wanasema mpaka leo anazunguka. Mama yake akitazama juu usiku watu wanamwingiza ndani.

Na simu za huko zinashuka, hazipandi. Yaani yeye ndiye anapiga, wewe huwezi. Kila mtu kapewa namba moja tu ya nyumbani. Mbonea alitoa namba ya mama yake. Ningekuwa mimi ningetoa ya mama yangu vilevile, sikukasirika. Alikuwa anapiga Ijumaa, jua likianza kuinama, kabla Sabato haijaingia.

Sasa bibi yako kifua kilipomzidi, akikohoa nyumba nzima inasimama, akaenda kwa mtu wa mitambo pale mnarani akawekewa mwitikiaji. Wewe unajua mwitikiaji ni nini, kizazi chenu mnao wote, mnawaachia wawajibie walimu. Anakusikiliza unavyoongea mwezi, miezi, halafu ukishindwa kupokea anaitikia yeye kwa sauti yako, kwa maneno yako, na uongo wako pia. Bibi yako alimwambia neno moja, nilikuwepo. Alisema, "Mwanangu asisikie nikikohoa." Basi.

Hapa ndipo penye kitu chenyewe, sikiliza. Simu ikilia ina milango miwili. Kuna mwitikiaji, huyo anaishi ndani ya simu. Na kuna debe, lile pale sebuleni, simu isiyopokelewa ikiingia pale mtu anasema neno lake na nyumba nzima inasikia, na ukinyanyua kishikio chake unamjibu. Anayewahi ndiye anayepokea. Ni kama kuku wawili na punje moja. Ukiweka mlio mrefu, debe linawahi. Ukiuweka mfupi, mwitikiaji anadaka. Bibi yako aliuweka mfupi sana, haujamaliza hata kulia mara moja yule kashasema haloo. Na kuupunguza au kuuongeza mpaka uishike simu yenyewe. Na simu haishikwi. Umenielewa? Haya.

*

Ijumaa ya kwanza baada ya kuzika nilikuwa barazani namenya tangawizi. Mvua inamwagika kwenye bati, huwezi kumsikia mtu aliye mbele yako. Simu ikalia, nusu mlio. Halafu nikasikia mke wangu ndani.

"Mbonea mwanangu! Umeshakula?"

Mama yako Nakunda alikuwa jikoni. Nilisikia mwiko unaanguka. Mimi niliendelea kumenya. Ningekuambia moyo ulipasuka, lakini nitakuwa nakudanganya. Hakuna kilichopasuka. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa, unauona ni wako, unaugonga, hausemi kitu.

"Nimekula mama," Mbonea anasema, sauti yake kama iko ndani ya chupa. "Wametupa ule uji wao wa mirija. Nyumbani mvua vipi?"

"Mvua? Wala. Kukavu, mpaka mbuzi wanalamba mawe."

Maana yule mwitikiaji alijifunza wakati wa kiangazi. Anajua kiangazi tu.

"Mbona nasikia kama mvua?"

Mwitikiaji akanyamaza kidogo, kama alivyokuwa akinyamaza bibi yako mwenyewe akitunga uongo. "Baba yako huyo, yuko darini anagongagonga bati. Nimemwambia ashuke, ana kichwa kigumu."

Mbonea akacheka. Mimi niko barazani, nina kisu na tangawizi, nimepandishwa darini. Mama yako akatoka jikoni na mikono ina unga, akasimama mlangoni, akanitazama.

"Baba, umesikia?"

"Nimesikia."

"Tufanye nini?"

"Lete ile sinia, hii imejaa."

Akaleta sinia. Ndivyo tulivyofanya, mjukuu wangu, tulileta sinia. Ijumaa iliyofuata ikawa hivyo, na nyingine tena. Baadaye nikaanza kumwona mama yako siku za Ijumaa anakaa karibu na kabati, anakunja nguo ambazo zilishakunjwa. Anangoja. Sikumwambia kitu. Na mimi tangawizi nilikuwa namenya palepale, karibu na dirisha, wakati uwanja mzima ulikuwa wazi.

*

Barabara ilipofunguliwa ukoo ukaja. Senkondo, na mama mdogo wa mama yako, Naetwe, yule mdogo wa bibi yako mwenye sauti ya kuita kwaya, na wengine wa kule Hedaru walioleta maharage. Ilikuwa Ijumaa, hatukuwa na ujanja, kesho yake ni Sabato na Jumapili watu wana mambo yao. Naetwe akabandika makande asubuhi ili jua likizama moto uwe umeshazimwa.

Tukatandika mkeka. Kila kitu kikaletwa katikati. Jembe likaenda kwa binti wa Hedaru. Khanga Naetwe akazigawa, mama yako akachukua ile ya kijani. Senkondo akataka redio.

"Wewe redio utaifanyia nini na husikii vizuri?" Naetwe akamwambia.

"Nitaitazama shemeji. Nyinyi wenye masikio mmeisikiliza miaka yote, imewasaidia nini?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani, unakijua. Halafu ikabaki simu. Ikawekwa katikati ya mkeka peke yake na watu wote wakaangalia pembeni. Nilikuwa nimeshawaeleza habari za zile Ijumaa.

Senkondo ndiye aliyeanza, na safari hii hakutania. "Kaka, mimi naona hivi. Msiba hautangazwi kwa simu. Baba yetu alipofariki mimi nilikuwa Moshi, mliniambia nini? Mliniambia mzee anaumwa, njoo. Nimefika pale kwenye kona ya kanisa naona maturubai, nikajua mwenyewe. Nilikuwa nimeshakanyaga udongo wa nyumbani, nikaangukia udongo wa nyumbani. Mtoto aambiwe akirudi. Hiyo ndiyo desturi, na hiyo simu inaifanya vizuri kuliko sisi."

"Chombo cha kumrudisha kinakuja mwakani," Naetwe akasema. "Mwakani! Sasa mpaka mwakani anaongea na nani? Wewe ulidanganywa safari moja ya basi, Senkondo. Huyu anaulizwa kila wiki kama amekula, na marehemu. Akija akute kaburi limeota majani, atatuuliza, nilikuwa namwambia nani siri zangu? Utamjibu wewe?"

"Bora atuulize akiwa hai," mama yako akasema. Alisema polepole, anaivuta ile khanga. "Mama mdogo, mnasahau yule wa bondeni. Mbonea ni mtu wa kushika mambo moyoni. Akisikia yuko nje kwenye kamba? Mimi sitaki mdogo wangu azunguke huko juu."

"Wanapiga wakiwa ndani," nikasema. "Siku zote anapiga yuko ndani, zamu imeisha."

"Na mama mwenyewe ndiye aliyesema asisikie. Neno la marehemu unalivunjaje baba?"

"Alisema asisikie kikohozi, Nakunda. Kikohozi hakipo tena."

Kwa haki, simu ilikuwa yake mama yako, mtoto wa kike mkubwa, na Naetwe akaichukua akamwekea mapajani. Mama yako akaitazama kama mtu kapewa mtoto wa jirani. Halafu akainuka kwa magoti, akaja mpaka nilipokaa, akaniwekea mkononi.

"Baba shika wewe. Mimi siwezi kuizima na siwezi kuiacha iendelee. Lolote utakalofanya sitakulaumu." Akafikiria. "Nitakulaumu, lakini sitasema."

*

Nikaenda nayo nyuma, kwenye kibanda cha mbuzi. Ilikuwa nyepesi. Nikaibonyeza pale alipokuwa akibonyeza.

"Baba Nakunda," akasema mke wangu. "Umeshakula?"

"Bado."

"Utaumwa na tumbo halafu useme ni makande yangu."

Mbuzi wakainua vichwa, walimjua. Mimi nilisimama tu. Nilikuwa nimejiandaa kwamba nikimsikia ananiita jina nitalia, nikaingia kibandani ili watu wasione. Halikutoka chozi. Niliona ubao umelegea pale kwenye mlango, nikafikiri huu unataka msumari.

"Nataka kuongeza mlio," nikamwambia.

"Wa nani?"

"Wa Mbonea."

"Mlio wa Mbonea ni mfupi. Niliuweka mwenyewe." Kisha, kwa ile sauti ya mtambo wanayoichanganya katikati, akasema mlio ukizidi hapo simu itaingia kwenye debe la nyumba na mwitikiaji hatapokea. Kisha akarudi kuwa yeye. "Akipiga nisipokee?"

"Usipokee."

"Atashtuka. Mimi siachi simu ya mtoto ilie."

Nikaona ndiyo hapo hapo. Nilikuwa sijalifikiria mpaka aliposema yeye, au yule aliyekuwa anasema. Mbonea anajua mama yake haachi simu ilie. Ikilia, ikalia, ikaendelea kulia, hakuna mtu atakayekuwa amemtangazia msiba kwa simu. Senkondo hana la kusema. Na hakuna atakayekuwa amemdanganya. Ni mlio tu umerefushwa. Halafu ikiingia kwenye debe, debe ni langu mimi, nililinunua kabla Nakunda hajazaliwa, halina umarehemu. Debe naweza kunyanyua.

"Ashtuke," nikamwambia. "Mimi nitakuwepo."

"Haya Baba Nakunda. Mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho."

Hakuniuliza sababu. Bibi yako angeniuliza. Angeniuliza mpaka kesho, na angenikataza. Hapo ndipo nilipojua kwa hakika nilikuwa naongea na nani. Nikarudi ndani, nikaiweka simu kabatini, nikawaambia nilichofanya. Senkondo akatikisa kichwa, sikujua ni ndiyo au hapana. Naetwe akaepua makande.

*

Jua likaanza kuinama. Sahani zimeshapangwa, hakuna aliyekaa. Simu ikalia.

Hujawahi kuisikia simu ile ikilia mpaka mwisho, na sisi hatukuwahi. Kumbe ilikuwa na wimbo. Ule mwanzo tu tulikuwa tunaujua, kumbe mbele kuna kinanda na ngoma. Mama yako akaenda hatua moja kwenye kabati. Naetwe akamshika mkono. Ikalia, ikalia, ikanyamaza. Debe likagutuka sebuleni.

"Mama?"

Mkono wangu ulikuwa kwenye kile kishikio cha debe, haunyanyuki.

"Mama, mbona hupokei?" Kisha hakuna neno, pumzi tu. Pumzi nzito, karibu sana, kama mtu kaweka kichwa ndani ya mtungi. Mama yako ndiye aliyeelewa kwanza.

"Baba, amevaa ile kofia ya kazini. Yuko nje!"

Nikanyanyua. "Mbonea. Ni mimi."

"Baba. Mbona wewe?"

"Uko wapi?"

"Tumebadilishiwa zamu. Niko kioo cha mwisho huku. Nilisema nimpigie kabla Sabato haijaingia." Pumzi. "Baba, mmeshanyoa?"

Mtu haulizi hivyo kama hajui. Kunyoa nyumba nzima ni kwa matanga tu. Nilikuwa na maneno nimeyapanga yote yakakimbia.

"Tumenyoa," nikasema. "Bado wewe."

Tulisikia kitu kinagonga, chuma na chuma, tik, tik. Mama yako akaanguka kwenye mkeka. Ni ndoana ya kamba ile, alikuwa ameishika anaichezea kwa kidole, alikuja kuniambia baadaye. Alisema hakuwa anataka kufa. Alikuwa hasikii kitu moyoni, anataka kujua tu kama ikifunguka atasikia.

Mimi hilo nalijua. Nilikuwa nalijua kuliko mtu yeyote pale.

"Mlango wa kuingilia uko mbali?" nikamuuliza.

"Mbali."

"Kiasi gani? Kama wapi?"

"Kama..." Tik. "Kama nyumbani na kanisani."

"Ah, hapo? Hapo si pa mtu kulala njiani. Shika kamba twende. Uko mlangoni kwetu sasa, umeshatoka. Vuta mkono. Umevuta?"

"Nimevuta."

"Hapo ni kwa mama Kadeghe, mbwa wake anakuja, usimjali. Vuta. Sasa unateremka kwenye mfereji, pale ulipovunjia jino. Vuta."

"Nilivunja jino kwa Senkondo, siyo mfereji."

"Mwongo huyo!" Senkondo akadakia juu ya bega langu, machozi yanamtiririka, mate yanarukia debe. "Ulikuwa unaiba mapera yangu! Hebu vuta, mwizi wewe!"

Akavuta. Nilimpitisha mgomba kwa mgomba. Maneno yakiniishia mama yako anapokea, amekalia magoti yake, anamwambia hapa pana utelezi, hapa shika ukuta. Naetwe akataja watu anaokutana nao njiani, wengine walishakufa zamani, akamwambia awasalimie, na yeye anaitikia marahaba, anasema shikamoo, analia sasa, tunamsikia analia na kuvuta. Ule mgongano wa chuma ukawa umekoma. Mimi sikujua umekoma lini.

"Umefika kwenye ngazi," nikamwambia.

"Nimeuona mlango."

"Ingia. Ufunge. Nataka nisikie."

Ulijifunga kama mlango wa stoo ya tangawizi, dumu! Wale wa Hedaru wakapiga makofi, sijui kwa nini. Mbonea akatoa kofia, akawa analia vizuri, kwa sauti, kama watu. Akauliza alifariki saa ngapi, alisema nini, amelazwa upande gani wa kaburi la baba yangu. Nikamjibu yote. Akauliza, "Sasa wiki zote zile?" Nikamwambia, "Hilo uje uniulize ukiwa umekaa mbele yangu." Akasema atauliza. Muda wao ukaisha, debe likazima.

Jua lilikuwa limeshaingia. Hakuna aliyejua aanze kufanya nini. Tangu tuzike, mjukuu wangu, katika nyumba ile hakuna aliyekuwa amekaa kula. Mtu alikuwa anajichotea, anasimama mlangoni, anakula akitazama nje kama anayevizia gari. Mimi nilikuwa nakula kwa mbuzi.

"Kaeni," Naetwe akasema. "Nimesema kaeni, chakula siyo cha kutazama."

Senkondo akakaa. Wa Hedaru wakakaa. Mama yako akasogea akanipa nafasi, nikakunja magoti haya mabovu nikashuka mpaka mkekani, bega langu kwenye bega lake. Sinia ikaja. Nikatia kijiko mdomoni nikangoja kama nitasikia ladha, na nikaisikia. Makande yale hayakuwa na chumvi hata chembe. Nikawatazama wenzangu, wanatafuna, wameinamisha vichwa, hakuna anayesema. Nikachota tena.